Nyota za Mheshimiwa

Jumatano, 5 Machi
Sebule inanuka. Mke wangu amesema mamake anakuja Jumamosi, na akiikuta harufu hii, paka ataondoka. Siwezi kumpoteza Mheshimiwa. Ndiye peke yake anayenisikiliza humu ndani. Nimenunua tochi ya mwanga wa zambarau. Muuza duka ameniapia kwamba mkojo wa paka hung'aa ukimulikwa gizani. Mke wangu akasema pua haili betri. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefunga mapazia mchana kweupe, nikawasha. Lo! Zulia likageuka mbingu. Madoa kila mahali, ya kijani, ya manjano, mengine bado mabichi. Nikatambaa polepole kwa magoti, nyota hadi nyota, moyo mwepesi, nikasahau nilichokuwa nikitafuta. Mheshimiwa alikaa katikati kama mwenye mji. Mke wangu aliporudi akauliza kama nimesafisha hata moja. Kwa kweli niliona huruma kuzifuta.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda dukani kuuliza dawa. Wateja walikuwa wengi, muuza duka akanijibu mbio mbio: paka siki, suuza, kausha. Mheshimiwa hakuafiki siki. Kusuuza kumeniachia alama za kucha hadi masikioni. Kukausha hatukufika. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, akasema niliambiwa nipake zulia, si paka. Akalisafisha mwenyewe. Haya, nimeelewa.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe amefika. Zulia safi, lakini nilipomkaribia kumwamkia akakunja pua. Nikafunga mapazia haraka nimthibitishie. Kweli, hakuna hata nyota moja. Akaniomba tochi kwa upole, akanimulika mimi. Magoti yangu yaling'aa kama miezi miwili. Suruali ile ile ya Alhamisi. Akasema nyani haoni kundule. Kisha, huku akimkuna Mheshimiwa shingoni, akaamua kwamba paka abaki. Itakayotoka ni suruali, pamoja na mimi niliye ndani yake.

Jumapili, 9 Machi
Nimelala stoo. Mheshimiwa alinifuata mwenyewe, amenisamehe. Nimefurahi sana. Tulipoamka nikamulika ukuta, nikaona doa jipya, refu, limetulia kama mto. Nikaenda kwa muuza duka. Akasema ukutani siki haifai, paka rangi mbili, nyeupe juu, kijivu chini.

Nimezunguka mtaa mzima. Paka wa namna hiyo hayupo. Na Mheshimiwa, mweusi tii, nitamwambiaje?