Fundi Nguo Aliye de Garde

Jumapili, 9 Juni
Chakula kwa baba mkwe, mzee Rutagengwa. Simu ya Théogène ikalia. Huyu Théogène ni muuguzi, ameoa dada wa mke wangu, na wiki hii yuko de garde, yaani anaweza kuitwa kazini wakati wowote. Akaacha sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwenye sahani, mzee akainuka kumsindikiza hadi kwenye pikipiki. Akainuka! Mimi nikiondoka hata kuku hageuki.

Jumamosi tunapokea posa ya Keza, kitinda mimba, na mzee atachagua mkwe mmoja awe msemaji wa familia. Nakitaka kiti hicho.

Jumatatu, 10 Juni
Nimebandika tangazo dukani, Mbugangari: FUNDI NIYIGENA, NGUO ZA AINA ZOTE, DE GARDE SAA 24. Mke wangu Mukankusi akauliza ni nani hupasukiwa na suruali alfajiri. Hana maono.

Jumatano, 12 Juni
Siku tatu, simu moja. Mtu anatafuta fundi wa mabomba. Nimechukua simu ya zamani ya Mukankusi. Itakuwa inanipigia.

Alhamisi, 13 Juni
Nilikwenda kwa mzee. Simu ya mfuko wa kushoto ikaipigia ya mfuko wa kulia. Nikaruka! Zipu? Imekwama? Msiiguse, nakuja! Mzee akaweka kikombe chini, akaomba namba yangu kwa ajili ya dharura. Mbele ya Théogène! Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumamosi, 15 Juni
Sitaki kuandika. Naandika.

Wageni walikuwa wanaingia. Nikasimama nyuma ya hema, karibu kiasi cha kusikika, nikajipigia. Nikajijulisha kwa sauti kubwa kwamba kwaya nzima ya Nyamyumba imefumuka mishono na wananisubiri. Nilijiuliza maswali, nikajijibu vizuri sana. Dakika ishirini.

Kumbe chumbani mzee ameinama kufunga viatu, na suruali ya suti imeachia nyuma, yote. (Niliishona mimi. Haihusiani.) Théogène akafungua mkoba wake wa kazi, akamshona humohumo ndani ya suruali, mishono saba, akamwambia asikae kwa nguvu.

Msemaji: Théogène. Mimi: kugawa fanta.

Mzee alipopokea yake alinishika mkono. "Niyigena, nimekuita mara ine. Simu iko occupé tu. Donc, ulikuwa unasemeshana na nani?"

Nikasema muteja.

"Muteja ilikuwa mi," akasema.

Chupa mbili zikaniponyoka.

Jumapili, 16 Juni
Nimefikiri siku nzima. Théogène ana bahati, akili hana. Mpango wangu ulikuwa mzuri. Kujipigia si kosa. Kosa ni kuwa na simu mbili tu. Kesho natafuta ya tatu, hiyo iwe ya wateja.