Mzazi Atachimbia Kucha za Mwanawe

Siku ya soko pale Nyamarambe, mwaka wa sabini na moja, Chifu Machogu alipanda juu ya kreti ya soda akatangaza kwamba uchafu wa watoto umekwisha katika lokesheni yake. Ulikuwa haujaisha, lakini kuutangaza ndiyo ilikuwa hatua ya kwanza.

"Sasa ni ushirikishwaji wa wazazi!" alinguruma. "Mtoto akikutwa na kucha chafu au meno yenye rangi, mzazi wake atachimba barabara mpaka huyo mtoto atakate."

Barabara yenyewe, kwa bahati njema ya afya, ilikuwa inaelekea langoni kwa chifu.

Wa kwanza kushirikishwa alikuwa Kemuma. Binti yake, Bitutu, alikutwa na udongo kwenye kucha, ametoka kuchimba viazi vitamu.

"Chifu, shamba langu la wimbi limeiva," Kemuma akalalamika. "Ndege wanalimaliza. Watoto watakula nini?"

"Watakula kwa mikono safi, Mama Bitutu. Afya kwanza, shibe baadaye."

Kemuma akachimba mtaro wa barabara. Machogu alipomwona mama yake mzazi, bibi kizee Nyamusi, akimpelekea Kemuma uji mtaroni, alifurahi sana. Wazee nao wameanza kuunga mkono kampeni!

Alhamisi D.O., mkuu wa tarafa, akaja kukagua. Akiridhika, amri ingeenea tarafa nzima. Machogu alikuwa bado anamwonyesha mtaro, Nyamusi akatokea na jembe begani, leso ameikaza kiunoni.

"Mama, hii si kazi yako. Watoto wako ni watu wazima."

"Kwani uliacha lini kuwa mwanangu?"

"Mama, nyumbani!" chifu akafoka, na kufoka huko kukamwonyesha D.O. meno yote, yamekolea kama chai iliyochemshwa mara mbili.

"Unaona, Bwana mkubwa?" Nyamusi akasema kwa upole. "Tumbaku. Nilimkanya tangu hajaoa, hasikii. Kosa ni la malezi yangu. Kemuma, nipishe nichimbe, wewe kawafukuze ndege."

Kemuma hakungoja kuambiwa tena.

"Amri inataja umri?" D.O. akauliza.

"Inataja mtoto," wakaitikia akina mama waliokuwa mtaroni.

Nyamusi akainua jembe. Kwetu, mwanamume akisimama tu kumtazama mama yake mkongwe akichimba, hata mbwa wake humkana. Machogu akaushika mpini.

"Lete, mama, nitachimba mimi."

"Achia, mwanangu. Anayechimba ni mzazi. Amri ni yako."

Wakavutana, chifu na kofia yake ya serikali, ajuza na leso yake. D.O. naye akawa ametumbukiza mikono mifukoni, pamoja na kucha zake zote.

"Mama," akauliza taratibu, "unafahamiana na mtu kule kwetu Nyamira?"

"Mama yako? Huwa tunalala hema moja kwenye makambi ya kanisa. Jumamosi hii tunaonana."

D.O. akakohoa, akatangaza kwamba kampeni imefaulu kupita matarajio, na kwa sababu hiyo inafungwa saa hiyo hiyo, akapanda Landrova. Akina mama wakatupa majembe, wakashika njia za makwao.

Mtaroni wakabaki wawili. Nyamusi akanyoosha mkono, akachomoa kiko kwenye mfuko wa shati la serikali, akakitupa shimoni. Kisha akamkabidhi mwanawe jembe.

"Fukia."

Chifu akafukia.