Nafikiri Ninapaswa Kupanda Ndege

Jumatatu, 2 Juni

Habari kubwa! Kikundi chetu cha wafugaji wa kuku wa kienyeji kimepewa nafasi moja ya semina Mombasa. Nafasi moja, wanachama kumi na tisa. Kwenda na kurudi kwa ndege kutoka Eldoret! Mimi kitu kirefu zaidi nilichowahi kupanda ni paa la kanisa hapa Naitiri, na hata hapo niliteremshwa na watu. Mwenyekiti wetu, Mama Sellah, amesema semina ni ya Kiingereza, basi Jumatatu ijayo tutachagua mtu anayekimudu. Wote wakamgeukia mwenzetu Wanyoike wa Kitale. Hata Nasimiyu, mke wangu wa ndoa, alimgeukia Wanyoike.

Tutaona.

Jumanne, 3 Juni

Nimeenda Kitale kununua dawa ya kuku. Nikakaa dukani saa tatu nzima nikiwasikiliza maafisa wa mifugo wakiongea. Siri yao nimeipata! Mwenye cheo hasemi jambo mbio mbio. Kwanza anatangaza kwamba anafikiri, ndipo analeta kupaswa au kuweza. I think we should. I believe we could. Mmoja wao, kijana ambaye hata pikipiki hana, alisema I suppose we might, na wote wakatikisa kichwa kwa heshima. Kumbe Kiingereza ni hicho tu! Nikakiandika kwenye kiganja. Mwenye duka akaniuliza kama nanunua ama nimehamia.

Jumatano, 4 Juni

Mkutano wa kikundi, Kamukuywa. Nilisimama kabla hata ya maombi kwisha. I think we should cut the grass around the office. Makofi! Mama Sellah akasema hilo ni wazo safi, na kwa sheria ya kikundi tangu kianzishwe, mwenye kuleta wazo ndiye anayelifanya. Akaandika jina langu kwenye kitabu: Hesbon, nyasi.

Wanyoike alisema jambo moja tu siku nzima. I wonder who could repair the door. Macho yote yakanijia. Nikajibu kwa sauti ya redio: I think I could. Hesbon, mlango.

Kazi mbili kwangu, kwake sufuri. Lakini makofi ya nani? Yangu!

Alhamisi, 5 Juni

Nimefyeka kuanzia asubuhi. Malengelenge yamefuta Kiingereza chote kwenye kiganja. Nimekiandika upya kwenye mkono wa kushoto.

Ijumaa, 6 Juni

Nimetengeneza mlango. Sasa unafunga, ila haufunguki. Wanachama wakaingilia dirishani kwa mkutano mfupi. Mama Sellah akasema Jumatatu anakuja afisa wa semina kutoka Nairobi, Madam Nyaruai, kuchukua jina la mjumbe. Nikaona mwanya. I believe we could give her a real chicken, in a real home. Makofi tena! Nikauliza ni kuku wa nani. Wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Mama Sellah akasema, ati bana Hesbon, si umesema mwenyewe?

Hesbon, kuku.

Jumamosi, 7 Juni

Kuku aliye tayari ni mmoja tu, yule jogoo mwekundu wa Nasimiyu. Amemlea tangu akiwa kifaranga. Nilimweleza mke wangu kwa upole, kwa Kiingereza cha maafisa, kwamba I think you should understand. Akanijibu kwa Kiingereza ambacho sikujua anacho: I think you should sleep with the chickens.

Kiingereza safi kabisa, sina la kusahihisha. Nimehamishia blanketi kwenye banda.

Jumatatu, 9 Juni

Leo ndiyo leo. Madam Nyaruai amekuja na kikundi kizima, wamejaa kwangu. Jogoo ameliwa. Kwetu firigisi ni ya mwenye boma, kila mtu anajua. Nasimiyu alipita nayo mbele yangu, nikainua sahani, akaenda kuiweka kwa Wanyoike! Kisa? Wanyoike alikuwa amemwambia kwa Kiswahili cha kawaida kwamba mama, pole kwa jogoo wako. Basi. Hata "nafikiri" hakuweka.

Kisha uchaguzi. Mama Sellah akasimama, akasema wiki hii hakuna aliyeongea Kiingereza kama Hesbon. Wote wakaitikia. Moyo ukapaa! Tayari niko juu ya Eldoret, naomba kiti cha dirishani. Ndipo akafungua kitabu. Nyasi zitaota tena wiki ijayo, Hesbon. Mlango unatakiwa kufunguka, Hesbon. Akienda Mombasa, haya ataachiwa nani? Wanyoike hana kazi hata moja kitabuni. Aende Wanyoike.

Niliumia, nakiri hapa pekee. Nilipiga makofi huku nikitazama mifupa ya jogoo.

Jumapili, 15 Juni

Wanyoike ametuma picha ya mawingu. Ameipiga kutoka juu!

Nimefikiri wiki nzima na kosa nimeliona. Should na could ni za wanaoanza. Hazina nguvu. Nakumbuka Madam Nyaruai, alipopitia ofisini siku ile kabla ya kuondoka, akitoka dirishani alisema I feel that you must fix this door. Must! Ndiyo maana yeye yuko Nairobi.

Leo kanisani pasta alitangaza kwamba choo kimejaa. Kisha akatangaza kwamba mwezi wa nane mjumbe mmoja atapelekwa Kisumu kwa mkutano wa wazee wa kanisa. Sikungoja. I feel that we must dig a new one! Makofi ya kutikisa mabati. Nasimiyu alijifunika uso kwa leso, nadhani kwa furaha.

Shimo la futi thelathini. Naanza kesho. Mpaka sasa kwenye orodha ya kazi za kanisa ni jina langu peke yake, kwa hivyo Kisumu sioni mpinzani.