Nani Atafua Joho la Kishindo?

Jumatatu, 3 Juni

Leo klabu yetu ya filamu shuleni imeamua jambo kubwa kuliko filamu yenyewe. Filamu ni ya shujaa anayeitwa Kishindo, mwalimu wa hesabu anayeruka angani akikasirika. Ni fupi. Unaweza kuitazama yote huku chai ikipoa. Lakini Dairekta (yuko kidato cha juu, na hata mwalimu mkuu humwita hivyo) kasema filamu ya shujaa bila albamu ya roki ni watu tu wanaokimbizana uwanjani wamevaa mashuka. Kwa hiyo albamu! Nyimbo nane! Itakuwa ndefu kuliko filamu. Hakuna aliyeona tatizo.

Volyumu, mpiga gitaa, tayari katunga saba. Zote zina neno moto. Zote anaziimba kwa lugha ya darasani, ambayo mitihani yake humrudia imejaa wino mwekundu.

Imebaki nafasi moja. Naitaka. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Wimbo ninao. Unaitwa "Nani Atafua Joho?" Kishindo amerudi nyumbani, joho limejaa matope, anamwuliza mama yake sabuni iko wapi. Niliutunga kwa lugha ya nyumbani. Shuleni nasahihishwa kwa lugha moja, nyumbani nagombezwa kwa nyingine, na hiyo ya kugombezwa ndiyo yenye mdundo.

Tatizo: siwezi kuimba mbele za watu. Hata majina yakiitwa darasani naitikia kwa sauti ndogo mpaka naandikwa sijafika. Kwenye filamu kazi yangu ni kujibanza pembeni na kuvuta uzi ili joho lipepee. Naipenda kazi hiyo. Hakuna anayenitazama.

Mpango: nitarekodi nyumbani, kisha niseme mwimbaji ni binamu yangu anayeishi ng'ambo. Hauna kasoro.

Jumanne, 4 Juni

Nimerekodi ndani ya kabati la nguo za wateja. Mama ni fundi wa kushona, na magauni yaliyotundikwa humeza mwangwi vizuri sana. Kasoro moja ndogo: cherehani iko upande wa pili wa mlango wa kabati. Nikamwomba mama apumzike kidogo. Akajibu kwamba bibi harusi hatavaa mapumziko. Basi nikaimba huku anakanyaga. Nikipandisha sauti, naye anaongeza kasi. Ajabu! Ukisikiliza, ni ngoma za mtu mwenye hasira na adabu kwa pamoja.

Mama akafungua mlango, akauliza nafanya nini humo. Nikasema nasali. Akasema Mungu yuko jikoni pia, karibu na vile vyombo.

Jumatano, 5 Juni

Dairekta kaupiga kwenye spika mbele ya klabu nzima. Nilijifanya natafuta sindano sakafuni. Kikaja kibwagizo. Mtu akaanza kugonga dawati, mwingine akadakia, mwishowe darasa zima linauliza joho atafua nani. Nilibaki chini mpaka uso upoe.

Sufuria, mpiga ngoma wetu (alianzia kwenye sufuria za kwao), hakufurahi hata kidogo. Alitaka kujua huyo mpiga ngoma ni nani, maana anapiga kama mtu asiye na mikono, miguu tu. Nikasema simfahamu vizuri. Mama yangu mzazi! Nimemkana hata kabla ya chakula cha mchana.

Volyumu alisikiliza amefumba macho. Kisha akauliza binamu anakaa nchi gani. Nikasema kule kwenye baridi. Akauliza baridi ya wapi. Nikasema ni nyingi, imeenea.

Alhamisi, 6 Juni

Volyumu kaenda kumwona Dairekta. Hukumu imetoka: kila aliye kwenye albamu ataimba Jumamosi ukumbini, filamu ikimalizika. Binamu asipotokea, nafasi ya nane itajazwa na wimbo mpya wa Volyumu. Unaitwa "Moto Tena". Mnafiki mkubwa! Yeye na gitaa lake!

Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba, kwa bahati nzuri, binamu anatua kesho. Sijui nani aliuruhusu.

Mpango wa pili: dada. Dada yangu mkubwa ni msusi na hana aibu hata chembe. Anaweza kumwambia mteja kichwa chako kimekaa vibaya, na mteja akashukuru. Atasimama jukwaani na wigi, achezeshe midomo, sauti itoke kwenye spika. Malipo: nioshe vyombo zamu zake zote mpaka aolewe. Nikakubali papo hapo. Baadaye nikakumbuka hana hata mchumba.

Ijumaa, 7 Juni

Mazoezi. Dada anachezesha midomo kama anayekula kiazi cha moto. Nilipomsahihisha, akanishangaa: we mtoto, si uimbe mwenyewe basi? Nikamrekebishia wigi.

Alasiri Volyumu kaja kuchukua joho, maana mama alikuwa analitia pindo jipya. Akakuta cherehani inakwenda. Akasimama mlangoni. Mguu wake ukaanza kugonga sakafu, wenyewe. Akatazama cherehani, akatazama kabati, akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

Akamwamkia mama shikamoo, akauliza kama mashine hii hulia hivi siku zote. Marahaba mwanangu, akasema mama, haina kosa, inataka mafuta tu. Kisha wakaanza kunong'onezana, na mama akacheka. Volyumu alipotoka hakuniaga. Nimekwisha. "Moto Tena" imeshinda.

Jumamosi, 8 Juni

Ukumbi ulijaa. Filamu ikaisha watu bado wanatafuta viti.

Zamu ya wimbo wa nane. Dada akatoka na wigi jekundu na joho la Kishindo mabegani. Wazo langu: nilitaka lipepee, kwa hiyo nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika uzi. Mahali pangu. Spika zikakoroma, wimbo ukakatika. Nikachungulia. Volyumu kachomoa waya wa rekodi! Mbele ya wazazi na walimu!

Akashika maiki, akatangaza kwamba roki haiimbwi na spika, bendi itapiga palepale. Kisha yeye na Sufuria wakaingiza cherehani jukwaani, meza yake na pedali yake. Nyuma yake akaja mama na gauni la bibi harusi begani, kwa sababu kazi haikuwa imekwisha.

Mama akaketi, akakanyaga. Gitaa likaingia. Yule mtu alikuwa ameujua wimbo wangu wote, mpaka pale ninapovuta pumzi! Ikabaki sauti. Dada akageukia pazia, macho yamemtoka, midomo inakwenda bila kitu. Watu wakaanza kucheka. Mama hakusimama. Alikanyaga mwanzo, akaurudia, akaurudia tena, kama mzazi anayemngoja mtoto atoke chooni. Nikaona maiki inaingia chini ya pazia, inasukumwa na kiatu cha Volyumu.

Nikaimba. Nyuma ya pazia, nimechuchumaa, uzi mkononi. Mwanzo ilitoka sauti ya mbu. Kwenye kibwagizo ikatoka yangu. Ukumbi mzima ukadakia! Nikavuta uzi kwa furaha mpaka joho likamfunika dada kichwa, na bado waliimba.

Baadaye Volyumu akasema, bila kunitazama, maana naye ana huruma zake, kwamba alinijua tangu Jumatano. Kumbe nikiuliza "nivute?" kwenye filamu, ni sauti ileile. Alitaka tu niimbe nje ya kabati. "Moto Tena" kaufuta mwenyewe. Sufuria anamwomba mama amfundishe miguu.

Jumapili, 9 Juni

Dairekta kapiga simu. Wimbo umepita, na sasa ndio utafungua albamu. Anahitaji kitu kimoja tu: jina langu, aliandike kwenye jalada. Jina langu! Nilichotakiwa ni kulitaja.

Nikafungua mdomo. Ukasema aliyeimba nyuma ya pazia ni pacha wa binamu. Alitua jana asubuhi. Kesharudi kwenye baridi.

Dairekta akasema, taratibu, kwamba jana mama yangu alisimama mlangoni akimwambia kila anayetoka kuwa aliyeimba ni mwanawe. Nikamweleza kwa utulivu kwamba mtoto wa dada yake mama ni mwana wa mama vilevile, kila mtu anajua. Hoja haina tundu.

Sawa, akasema. Basi mapacha wote wawili waje Ijumaa wapigwe picha ya jalada.

Hakuna shida. Dada kakubali kuwa mmoja. Wa pili atakuwa mama. Akisimama mbali kidogo na kamera, na wigi likishuka mpaka kwenye nyusi, nani atajua?