Msimu wa Besiboli Uliomngoja Mgeni Rasmi

Itifaki zote zikiwa zimezingatiwa, natangaza kwamba msimu wa kwanza wa Ligi ya Besiboli ya Kulipwa ya Bonde la Ufa umefana kupita matarajio, ijapokuwa mpira haukurushwa hata mara moja ila siku ya mwisho. Wachezaji walilipwa vilevile: soda na mkate kila mtu.

Mimi ndiye nilikuwa Refa Mkuu. Shule niliiacha darasa la nne, lakini Mwenyekiti wa ligi, Bwana Hiram, alisema Kamati haitafuti masomo, inatafuta mtu anayeweza kukaa kwa kiti siku nzima bila kununa. Mjukuu wangu Tabby, mrushaji wa timu ya Kuresoi, alinifundisha kazi yote jikoni tukimenya viazi. Mmoja anarusha, mwingine anapiga kwa rungu. Akikosa mara tatu, yuko nje. Nikamuuliza, hata kama ni mkubwa? Akasema, "Shosh, mpira haujui mkubwa."

Sasa, mchezo hauwezi kuanza kabla mgeni rasmi hajafika. Hilo hata mtoto anajua. Wetu alikuwa Mheshimiwa Muturi. Mechi ya kule Nakuru tulimngoja mpaka giza, Hiram akitangaza kila saa, "Tuvumilie kidogo, yuko njiani." Hakufika. Kamati ikaona timu zote mbili zimengoja sawasawa, ikaandika droo. Ile ya Longonot Mheshimiwa alifika, akahutubia mpaka jua likatua. Odero, dereva wa lori anayechezea Salgaa, akanyakua maikrofoni akauliza tutacheza lini. Kamati ilikutana palepale nyuma ya hema. Ilimtangaza Odero kuwa nje, ingawa hakuwa ameingia, na ikapitisha sheria: aliye nje hakaribii jukwaa wala maikrofoni mpaka mchezo uishe.

Fainali, Kuresoi na Salgaa, ilikuwa shambani kwangu. Hakukuwa na siku nyingine, kwa sababu Jumatatu trekta ilikuwa inaingia kulima. Hiram alikuwa ameshaamua kwamba kusipochezwa, kikombe kitakaa ofisini kwake kwa usalama. Tabby alikuwa amefanya mazoezi msimu wote kwa viazi vilivyooza, akilenga mlango wa choo. Asubuhi hiyo hakugusa chai. "Shosh, mimi nataka kurusha tu," akaniambia. "Hata wakitushinda."

Mheshimiwa aliingia saa tisa, hotuba nene mkononi. Kabla hajaanza kuisoma, Hiram akamwomba apige mpira wa kwanza, wapiga picha wapate kazi. Nikainua mkono kwa heshima nikauliza: huu wa mgeni rasmi ni wa picha tu, ama unahesabiwa?

Hiram akachukua maikrofoni. "Mama, kila kitu leo ni rasmi. Uhesabiwe. Hii ni historia."

Watu wakapiga makofi. Mheshimiwa akavua koti, akashika rungu kama mtu anayefukuza nyoka. Tabby akarusha, Mheshimiwa akapiga hewa. Akasema alikuwa anapasha mwili moto tu. Wa pili ulipita akiwa bado anatabasamu kwa kamera. Kabla ya wa tatu, Hiram alimwashiria Tabby apunguze nguvu. Tabby akanitazama. Mimi nikatazama mbele, kama refa. Akarusha vile hurusha kwa choo.

"Nje," nikasema.

Hiram akaja mbio, akininong'oneza kwamba Mheshimiwa hajahutubia. Nikamwambia najua, na inanisikitisha sana, lakini sheria ilipitishwa na Kamati yenyewe nyuma ya hema. Mimi kazi yangu ni kutekeleza.

Odero, ambaye alikuwa bado nje tangu Longonot, akasogea kwenye gunia la viazi alilokalia, akapangusa nafasi kwa mkono. "Karibu, boss."

Mheshimiwa angeenda zake, lakini mgeni rasmi haondoki kabla ya kufunga sherehe. Hiyo pia ni itifaki. Akakaa.

Mchezo ulikuwa mtamu, na hakuna aliyekuwa na haraka. Tabby alirusha mpaka jasho likamtoka kidevuni. Jua lilipoanza kushuka, Kuresoi wakiwa mbele, Mheshimiwa aliniita kwa kidole, hotuba imejikunja magotini.

"Mama, hii kitu itaisha saa ngapi?"

"Tuvumilie kidogo, Mheshimiwa," nikamwambia. "Iko njiani."