Aspirina kwa Njugu za Bibi

Jumatatu, 10 Februari

Nimeiba. Naandika upesi kabla sijapata la kujitetea.

Mwalimu Ermelinda anataka kila mtu aoteshe mmea kwenye makopo ya maziwa. Ukikomaa kidogo, tutaukatia maji. Mwenye mmea utakaobaki hai atapata mkoba mpya, na atausimulia mbele ya shule nzima. Kusimulia, Mungu aniepushe! Lakini kumshinda Dauto, hilo nalitaka sana. Dauto ndiye aliyenibandika jina Deslocada, mkimbizi, siku tulipofika hapa Olumbi. Darasa zima likalidaka.

Bibi ana njugu mawe kwenye chupa, zimefukiwa katika majivu. Tulipokimbia Quiterajo, wale watu wenye bunduki walipochoma kijiji chetu, aliacha masufuria, akabeba chupa. Anangoja mvua ikae vizuri azipande. Mbegu hiyo haina pengine pa kupatikana. Nimechukua nusu. Nitazirudisha zikiwa nyingi.

Moja ilinidondoka mlangoni pa darasa. Dauto akaiokota, akaichomeka kwenye kopo lake. Eti mahindi yake yapate mke. Ovyo.

Alhamisi, 27 Februari

Zimeota! Makopo yote manne!

Leo mwalimu ameeleza. Mmea ukionja kiu, mizizi hutengeneza homoni. Homoni hupanda mpaka kwenye majani, huyaamuru yafunge vitundu vinavyotoa maji. Uwezo huo uko kwenye jeni, mmea huurithi kwa wazazi wake. Ziko koo za mbegu zinazoijua kiu na koo zisizoijua. Nikamtazama Dauto kwa dharau, kimoyomoyo.

Akaongeza kuwa wataalamu wamejaribu hata dawa za jamii ya aspirina, kuuzindua mmea kabla ya ukame. Nikataka kuuliza kiasi gani. Nikalipanga swali kwa Kireno, nikalipanga tena kwa Kiswahili. Nilipoinua mkono, alikuwa anafuta ubao. Nikajifanya najikuna kichwa.

Jumatano, 5 Machi

Maji yamekatwa, makopo yamepangwa chini ya paa la baraza la shule. Mimi nimefunga Ramadhani, nazo njugu zimefunga. Adhuhuri zimesimamisha majani wima, kama viganja vya mtu anayeomba dua. Zinakufa! Dauto hata haangalii makopo, yuko kwenye mpira.

Telma wa dawati langu amesema labda ndivyo njugu zinavyolikwepa jua, tuziache. Kwao Telma ni Mueda, huko bara. Atajua nini kuhusu njugu zetu?

Ijumaa, 7 Machi

Nimekata shauri. Kidonge kimoja humtosha mtu mmoja aumwaye kichwa. Hii ni kiu, tena ya makopo manne. Nimeponda vidonge vyote vya aspirina anavyomeza Bibi kwa ajili ya magoti. Saa ya futari nikapita shuleni, nikazifuturisha njugu kwa mkono wangu. Nimejiona mtu wa huruma sana.

Bibi ameswali amekaa. Kisha akatafuta dawa yake chini ya mkeka. Nikamsaidia kutafuta.

Jumatatu, 10 Machi

Zimeungua. Ukigusa jani, linabaki mkononi. Mwalimu amenusa udongo, akauliza nani katia nini humu. Nikatazama viatu vyangu. Dauto akauliza kwa sauti, vipi Deslocada, hata njugu zako zimekimbia? Wakacheka mpaka wa nyuma.

Nimechukua nusu iliyobaki. Safari hii naziloweka kwenye dawa kabla ya kupanda. Vidonge nimeomba kwa jirani, nikasema ni vya Bibi. Si uongo. Mbegu ni za Bibi.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua! Asubuhi nzima! Bibi akachukua jembe na chupa. Akamimina majivu kiganjani. Akamimina tena. Akatikisa chupa. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama hizi nazo wale watu walizichukua.

Nikamwambia ni mimi. Nilizoloweka zimekuwa uji unaonuka. Bibi akakaa chini kwenye matope, na magoti yale.

Jumamosi, 15 Machi

Tangu jana mahindi ya Dauto yamekauka. Kando yake njugu ya mlangoni imesimama, kijani kibichi. Hakuna aliyeigusa. Majani adhuhuri juu, jioni chini, basi.

Nikamwambia Bibi, naye amekwenda mwenyewe kwa kina Dauto kuiomba. Nilijua atatucheka. Dauto akalileta kopo kutoka shuleni kwa mikono miwili, na hivyo mkoba ameukosa. Akamwamkia Bibi kwa adabu. Kisha akaniita Nadia. Jina langu! Nilikimbilia ndani.

Bibi amelihamishia shina uani, akalizungushia miiba. Amesema likizaa, tuna mbegu. Lisipozaa, Quiterajo ndiyo imekwisha. Mimi nisiliguse. Hata kulitazama, nilitazame kwa mbali.

Jumatano, 19 Machi

Jua limerudi, kali. Sijaligusa shina, wallahi. Lakini adhuhuri hii majani yamesimama wima tena. Bibi amelala. Telma angesema niliache. Mwalimu ningemuuliza, lakini angenitazama usoni.

Kosa langu lilikuwa kuzidisha. Hilo sasa nalijua vizuri. Mfukoni nimebakiwa na nusu kidonge tu.

Nusu! Itadhuru nini? Nimeshaikoroga.