Matofali Chini ya Magurudumu ya Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Limevuja tena! Kona ya nyuma, kulia, juu ya kitanda hasa. Gari-nyumba langu, lenye kitanda na jiko ndani, ni zee kuliko ndoa yangu, sawa. Lakini silikoni ya kuzibia nimepaka mara tatu. Mama mkwe anakuja Jumamosi na atalala humo, maana chumba cha wageni nimekijaza makabati niliyoyang'oa garini na sikumbuki yanarudije. Mke wangu amesema tone moja tu likimwangukia mama yake, gari linakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Hakupandisha hata sauti. Angefoka ningepumua.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji kaja, kaka wa mke wangu. Nani kamwita? Kabonyeza kona kwa kidole, kidole kikazama. Kasema mbao zimeoza, tubandue bati, tukate ubovu, tuzibe upya. Atanisaidia. Halafu akaniambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamjibu huu si ufa, ni kiungo. Anisaidie! Ili kila tukikaa mezani isimuliwe jinsi alivyoniokoa? Bora nilowe.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Ilinikuta nimeinua upande wa kulia kwa jeki, nibadilishe gurudumu. Nikajibanza ndani na ndoo, roho mkononi. Hakuna tone! Nikatoka kuchungulia. Paa limeinama, maji yote yanakimbilia kushoto, kona mbovu kavu kabisa. Kumbe gari halina ugonjwa wowote. Lilisimama vibaya tu! Nimepanga matofali chini ya magurudumu ya kulia.

Ijumaa, 7 Machi

Tatizo dogo. Ukilala unabingirika kushoto hadi mlangoni. Nimechukua pima maji, kile kipimo cha unyoofu, na msumeno, nikapunguza miguu ya kitanda upande wa kulia. Nikazidisha. Nikapunguza ya kushoto. Nikazidisha. Kitanda sasa kinakaribia sakafu, lakini kimenyooka. Basi kwa nini silali vizuri? Nimeota mama mkwe anaelea.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe alifika, nikamwamkia, akaitikia, akasifu mapazia. Baada ya chakula akaenda kujilaza garini. Nikatoka kununua maziwa ya chai. Mawingu yakatanda, na kwa mara ya kwanza wiki nzima sikuogopa.

Narudi, nakuta matofali yamepangwa vizuri ukutani. Shemeji huyo, anajifuta mikono! Kasema ameona aibu mama yake kulala mlimani, akalishusha gari polepole kwa jeki yake asimwamshe. Mvua hiyo ikaanza. Nilikimbia, maziwa yakamwagika. Gari sasa limenyooka, kwa hiyo kitanda changu ndicho kimeinama: mama mkwe alikuwa ameporomoka kulia, hadi chini ya kona ile ile, maji yakimdondokea shingoni. Akaniuliza kwa upole: mwanangu, umepanda mboga humu, maana panamwagiliwa?

Mke wangu alikwenda kutafuta simu yake.

Jumapili, 9 Machi

Mnunuzi wa vyuma hakuja. Shemeji kamuwahi, kalichukua mwenyewe. Nilijifungia bafuni nikalia, nikafungua bomba wasisikie. Nalipenda lile gari.

Jumatano, 12 Machi

Shemeji kabandua bati, kakata ubovu, kaziba. Jana ilinyesha kutwa, gari kavu. Mama mkwe amehamia humo, uani kwa shemeji, na anamsifu kwa kila mtu. Bahati ya mtu tu.

Nasi huku dari la chumba cha wageni limeanza kuvuja. Makabati yote yamelowa. Mke wangu kaniomba, karibu kwa machozi, safari hii nimwite fundi. Fundi wa nini? Nimeizunguka nyumba na pima maji. Imenyooka kila upande. Hapo ndipo walipokosea wajenzi! Matofali ninayo. Jeki ninayo moja, haitatosha. Nimemtumia shemeji ujumbe aniazime yake, bila kumweleza ni ya nini.